Kitambaa cha Majina ya Kwanza

Mgeni aliingia bila kubisha hodi, akakuta watoto wamelala kifudifudi juu ya Misri.

Kitambaa cha ramani kilitandazwa sakafuni, kipana karibu sawa na chumba chenyewe. Kila Jumamosi mchana Mama Clémentine, fundi cherehani wa Bellevue, mtaa wa wahamiaji huko kusini mwa Afrika, aliwaachia watoto wa wahamiaji karakana yake pamoja na mabaki ya vitenge. Binti yake wa kulea, Héritière, aliyemaliza shahada ya historia mwaka ule wa 2018 na bado hajapata kazi, aliwafundisha humo.

"Karibu, Papa. Pita pembeni, usikanyage Uturuki."

Mzee akavua kizibao chake cha njano, kile cha walinda magari wa mtaa jirani wa Kensington, akaketi kwenye kigoda.

"Tulikuwa kwa Aleksanda," Héritière akaendelea. "Kila alikoshinda vita alijenga mji, akaupa jina lake. Hata farasi wake alipewa mji."

"Eish! Na mbwa je?" Steve akauliza.

"Inasemekana naye alipata wake."

Watoto wakacheka mpaka Misri ikakunjamana.

"Lakini pale Aleksandria palikuwa na watu kabla yake. Wao walipaita Rakoti. Na waliendelea kupaita Rakoti hata baada ya mfalme kuoza kaburini."

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya kitambaa: mji ushonwe kwa jina lake la kwanza, na chini yake jina la mtu aliyelileta. Chini ya Rakoti palishonwa Mamie, jina la mmoja wa wasichana wale, kwa kuwa ndiye aliyelipata maktaba, na tangu siku hiyo alitembea kama malkia.

Mahali pamoja tu, magharibi mwa Ziwa Tanganyika, palikuwa patupu. Pale ndipo alipozaliwa Héritière. Mama yake mzazi alifia njiani wakikimbia, yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Karatasi zake zilisema amezaliwa Bulonzaville, jina ambalo kamanda Bulonza alikipa kijiji chao siku alipokiteka. Jina la kabla ya hapo Héritière alilitafuta makanisani, sokoni, kwa watu wa Uvira na wa Fizi, miji ya upande ule wa ziwa. Waliolijua walikuwa wamekufa au wametawanyika. Na kulishona lile la kamanda aliona ni kumzika mama yake mara ya pili.

"Nimesikia unatafuta habari za Bulonzaville," mgeni akasema. "Kijiji kile kilikuwa kinaitwa Katongwe."

Sindano ikamponyoka Héritière.

"Una hakika, Papa?"

"Kibao cha jina kilikuwa cha mbao, pale kisimani. Nilikiona kikichomwa. Nilisimama karibu kabisa."

"Kumbe ni kwenu!"

"Niliishi kule."

"Katongwe," Héritière akasema, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi ya mboga. Akalisema tena, na machozi yakamtoka mbele ya wanafunzi wake. Watoto wakalipokea, wakaliimba huku wakipiga makofi, mpaka jirani akagonga ukuta.

"Papa, jina lako litakaa chini yake. Nakuahidi mbele ya hawa wote."

"Achana nalo, binti. Shona la kijiji, linatosha."

"Hapana! Ulichonipa leo hakuna mwingine aliyeweza kunipa. Kanuni ni kanuni. Si ndiyo, watoto?"

"Ndiyo, Yaya!" wakaitikia, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa.

Akashona Katongwe kwa uzi mwekundu, ule mzuri aliokuwa ameuweka akiba miaka yote. Mzee aliutazama mlango, akaitazama mikono yake, akautazama mlango tena. Hakuondoka.

"Haya, Papa. Tuambie jina."

Mzee akasimama. Alivaa kizibao chake na kukifunga mpaka shingoni, ingawa mle ndani palikuwa na joto.

"Bulonza," akasema.

Héritière alimtazama, kisha akawatazama watoto waliokuwa wakimsubiri. Akalowesha ncha ya uzi mwekundu mdomoni, akaipitisha kwenye tundu la sindano, akainama, akaanza kushona chini ya Katongwe.