Kalenda Iliyoishia Novemba

Uvumi ulimfikia Mbinya sokoni Tulia, akiwa amekaa chini anasuka kiondo, na tangu siku hiyo haukumtoka. Ati kuna kikundi kinafundisha watoto wa shule kuandika majina ya watu waliokufa, mmoja kila mwezi, na kuwafanyia sherehe. Mwezi wa mwisho linaandikwa jina la mtu aliye hai. Huyo ndiye anayefuata.

"Na hao watoto wanajulikanaje?" Mbinya aliuliza.

"Utamwona tu amebadilika," akasema Mbithe, jirani yake. "Anaanza kujifungia na makaratasi."

Mbinya aliacha kusuka. Nzisa wake, mtoto mmoja tu ambaye Mungu alimpa, alikuwa na makaratasi chini ya kitanda.

Na si makaratasi tu. Mwezi wa tatu, Jumapili, wakijitayarisha kwenda kanisani, Nzisa alitoka chumbani amefunga sikio kwa kitambaa cheupe.

"Umeumia?"

"Hapana, Mama. Leo ni siku ya kuzaliwa ya Van Gogh."

"Ndiye nani? Ni wa darasa lenu?"

Nzisa alicheka mpaka akashika ukuta. "Ni mchoraji wa Ulaya. Alikufa mwaka wa 1890."

"Sasa mtu ameshakufa, sherehe ni ya nini?"

"Picha zake hazijakufa. Mwalimu Farhiya anasema ukishika siku ya msanii, huwezi kusahau kazi yake."

"Na hicho kitambaa?"

"Alijikata sikio."

"Aiya! Toa hiyo kitu kichwani!"

"Wewe nawe, Mama. Hata siku yako tungesherehekea. Ni lini?"

"Mimi ni Januari moja, kama nusu ya watu wa Nunguni. Siku yenyewe siijui. Karani wa vitambulisho aliandika hivyo, akaita mwingine. Nimesema toa!"

Mwezi wa saba ikawa siku ya mchoraji mwingine, mwanamke. Nzisa aliingia kanisani ameunganisha nyusi kwa makaa, maua mekundu yamejaa nywele. Mke wa pasta alimuuliza Mbinya kwa sauti ya chini kama mtoto yuko sawa. Mbinya alisema yuko sawa. Hakulala vizuri wiki hiyo.

Shule zilipofungwa Agosti, Nzisa aliomba kwenda Nunguni kwa susu yake, mamake Mbinya. Alikaa siku saba. Alirudi anang'aa uso, ameficha kitu.

"Mlikuwa mnafanya nini wiki nzima?"

"Tulikuwa tunaongea mambo ya zamani."

Septemba susu akafa. Alikuwa mzee, kifua kilikuwa kimemsumbua tangu mvua za mwaka jana, kila mtu alijua. Lakini pale kaburini Mbinya hakumwangalia maiti. Alimwangalia mtoto wake, akahesabu siku tangu atoke kwa susu.

Aliomba. Alifunga. Siku moja alivaa viatu vya Jumapili akaenda mpaka shuleni kumwona huyo Farhiya, binti wa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Tseikuru, amuulize anafundisha watoto wa watu nini. Alifika kwa geti akasimama. Aliona walimu wanapita na vitabu, wanaongea Kiingereza. Yeye aliachia darasa la sita. Angeanza kusema nini? Aligeuka akarudi nyumbani.

Oktoba, Nzisa akiwa shuleni, Mbinya alivuta makaratasi kutoka chini ya kitanda. Ilikuwa kalenda, ya kushonwa kwa uzi wa kiondo. Kila mwezi una picha, jina, tarehe iliyozungushiwa duara, na chini miaka miwili: wa kuzaliwa na wa kufa. Ni kama tu Mbithe alivyosema.

Sufuria ya mahindi na maharagwe ilikuwa inachemka. Alikaa mbele ya mafiga akalisha moto, mwezi mmoja mmoja. Machi, yule wa sikio. Julai, yule wa nyusi. Novemba, Monet, 1840, 1926, maua yanaelea juu ya maji. Yalikuwa maua mazuri. Alilia, akayachoma.

Ikabaki moja, imekunjwa katikati. Aliinua ncha yake ya chini kidogo tu. Aliona kistari, na baada ya kistari hakuna mwaka. Mtu wa Desemba alikuwa bado anaishi.

Mbinya hakutaka kuona jina la mtoto wake hapo. Alifumba macho, akasukuma karatasi ndani.

Jioni Nzisa alisimama kwa mlango wa jikoni na sare yake ya shule. Aliona kipande cha uzi kimeungua nusu.

"Mama. Ulifungua Desemba?"

"Sikuweza."

Mtoto alikaa chini, pale pale, kwa majivu.

Kesho yake Mwalimu Farhiya alikuja, akaeleza polepole kalenda ilikuwa ya nini na Desemba ilikuwa na nini, akaondoka bila kumaliza chai. Tangu hapo Nzisa hachori. Anateka maji, anaosha vyombo, anasalimia wageni. Ukimwita anaitika.

Majuzi akina mama wa kanisa walitaka mmoja wao aonye wenzake kuhusu watoto na mambo ya giza. Mbinya aliandika kwa karatasi ya daftari, herufi kubwa kubwa, akampa Mbithe asome:

Usibebe habari ya sokoni ukaipeleka chini ya kitanda cha mtoto.

Usimwogope mwalimu kwa sababu wewe hukusoma. Geti ya shule haiumi.

Usiwashe moto kabla hujauliza.

Usichome kalenda bila kufungua Desemba. Pale kulikuwa kumechorwa kiondo changu, uzi kwa uzi, na jina langu, na siku yangu ya kweli ya kuzaliwa. Mtoto aliipata kwa susu yake, na susu tumeshamzika.

Na usimuulize mtoto ilikuwa tarehe ngapi. Atakujibu, "Ilikuwa imeandikwa."