Kipimo cha Mvua cha Jirani

Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu Singano alipotoka na shoka. Upande wa pili wa ua, jirani yake Shemboza na mkewe walikuwa wameinamia kipimo walichopewa na wakubwa wa hali ya hewa: faneli juu, chini chupa nyembamba yenye mistari. Mke alipiga magoti ili jicho lilingane na maji, mume akamshika bega asiteleze.

"Yamefika wapi, mama watoto?"

"Yamepita nusu! Leo imenyesha, baba!"

Wakacheka. Singano akaupiga mstafeli wake pigo la kwanza.

"Jirani!" Shemboza alishtuka. "Si mti wa marehemu mkeo huo?"

"Waulize wakubwa wako. Walikuja kwangu kwanza, wakatazama juu, wakasema matawi yanakinga mvua, kipimo kinataka uwazi. Wakahamia kwako, usiye na hata mpapai. Haya, nawapa uwazi wao." Akapiga tena, na tena.

"Lakini mtaa mzima kipimo ni hiki kimoja. Hawaleti kingine."

Singano alisikia vizuri. Ila shoka lilishaingia nusu ya shina, na yule mwanamke alikuwa anamtazama.

Mti ulipolala, uwanja ulijaa mwanga. Singano aliingia ndani, akatoka na kikombe cha bati cha mkewe, akakiweka juu ya kisiki. Akapiga magoti, jicho sawa na ukingo wa kikombe.

Tone la kwanza la mvua iliyorudi lilimwangukia begani.