Honi ya Bidhan

Minati alizungusha ufunguo wa pikipiki, akabonyeza honi. Kimya. Akabonyeza tena kwa kidole gumba mpaka kikauma. Kimya.

"Leo tena!"

Alinyanyua kiti, akaiinamia betri. Vichwa vyake viwili, pale nyaya zinapofungwa, vilikuwa vimeota unga wa kijani kama mkate uliovunda. Na juzi tu alikuwa amevipaka mafuta ya mgando mpaka vikateleza. Mafuta yenyewe hayakuwepo. Yamekwenda wapi, jamani?

Honi ilipaswa kulia jioni. Isipolia, mama mkwe wake hatakula. Asipokula atauliza, na akiuliza itabidi aambiwe kwamba mwanawe Bidhan, mumewe Minati, alikufa kwa homa huko mjini Khulna mvua zilipoanza, maiti yake ikachomwa hukohuko kwa mila yao, na kijiji kizima kimekula njama kumficha.

Kumficha hakukuwa kugumu, maana mama na mwana walikuwa hawasemeshani. Bidhan aliuza ng'ombe wa maziwa wa mama yake, akanunua pikipiki ya kubeba abiria. Bi Shailabala, ambaye macho yalikwisha kufa zamani, alimlilia yule ng'ombe kama binadamu, akaapa hatamsemesha mwanawe wala hataligusa hilo dude. Tangu hapo, kila jioni Bidhan alipiga honi mara mbili langoni, akaiacha pikipiki nyuma ya jiko, akaenda kulinda mabwawa ya kambamiti usiku kucha. Mama ndani anasema, "Haya, mwizi wa ng'ombe karudi," ndipo ananawa na kula. Asiposikia honi, hali. Walipendana hivyo hivyo, wakaidi wote wawili.

Sasa aliyepiga honi ni Minati. Hajui kuendesha, lakini msimu wa mvua njia ni tope tupu, hata Bidhan alikuwa akiisukuma, kwa hiyo bibi hashangai kutosikia injini. Samaki alikwisha kuwaacha, maana kwao mjane hali samaki, kama mama mkwe wake alivyowaacha siku alipofiwa na mume. Ila bangili nyeupe za gamba, za mke ambaye mumewe yu hai, hakuzivua, kwa sababu bibi humshika mkono kila akitoka nje. Zikikosekana, siri imekwisha.

Akaisukuma pikipiki mpaka sokoni kwa fundi Nitai, tope magotini, akiilaani njia nzima.

Fundi aliichungulia betri, akapiga mluzi. "Dada, hii unaipikia mchuzi?"

"Ni mvua."

"Mvua gani! Mvua haili chuma namna hii. Hii chumvi. Unaiosha kwa maji ya bwawa?"

"Nina wazimu?"

"Sasa mimi nitajuaje?"

Akavimwagia vichwa maji ya moto yenye magadi, vikatoa povu, akavisugua kwa brashi, akavikausha kwa kitambaa. Akakaza nyaya, akapaka grisi nzito. Halafu akakata mpira wa tyubu kuukuu, akavivalisha kofia, akazifunga kwa uzi. "Hapo hata mafuriko yakija, yatasalimia na kupita. Ikiharibika tena usinijie mimi. Katafute mchawi wako."

Jioni ile honi ililia mpaka kuku wakaruka. Minati alikaribia kucheka. Akaingia ndani na sinia, akamkuta bibi ameshatulia mkekani.

"Haya, mwizi wa ng'ombe karudi," bibi akasema polepole, akanyoosha mikono inawishwe. Katikati ya chakula akainua uso. "Mbona siku hizi sikusikii ukitema miiba?"

"Samaki wamepanda bei, Mama."

"Mh. Na mabwawa yote haya."

Siku iliyofuata honi ikalia tena, ila kwa sauti ya mbuzi mwenye kikohozi. Siku ya baadaye Minati alikaa sana kwenye foleni ya maji ya kunywa, akarudi jua likizama. Ndoo akaitua jikoni, akaona kopo la chumvi limebaki tupu. Imeisha tena! Kila kitu nyumba hii kinayeyuka. Akaikimbilia pikipiki, akaisukuma mpaka langoni, akabonyeza.

Kimya.

Akanyanyua kiti. Kofia za mpira zilikuwa zimevuliwa na kuwekwa pembeni, zimepangwa vizuri kabisa. Grisi imefutwa. Vichwa vimelowa, na kijani kimeanza upya.

"Nani?" Minati alifoka, hakujali nani anamsikia. "Nani mwenye roho mbaya namna hii? Nimewakosea nini?" Akaipiga teke gurudumu. Alimkasirikia jirani, akamkasirikia fundi, akamkasirikia Bidhan kwa kufa na kumwachia mzigo huu. Akafikiria hata kuiga honi kwa mdomo. Piii, piii. Akajicheka mwenyewe, akaketi kwenye tope, akalia.

Giza lilipokaribia alijifuta uso akaingia ndani. Bi Shailabala alikuwa mkekani, mgongo wima, akingoja.

"Mama, leo Bidhan atachelewa," Minati alianza. "Tope limezidi, nadhani amepitiliza huko huko mabwawani..."

"Nimwagie maji, ninawe."

Minati akachukua kopo, akamimina. Maji hayakushika. Yaliteleza matonematone juu ya vidole vya bibi, kama juu ya grisi, na chini ya kila ukucha kulikuwa na utepe wa kijani.

Kopo likabaki hewani.

"Huyo ng'ombe wa chuma mwache apumzike, mwanangu," alisema Bi Shailabala. "Na hizo bangili vua. Zinanichoma kila ukinishika mkono."

Akamega wali, akaanza kula.