Shanga za Kiunoni

Nyamizi alisimama mbele ya kabati la kioo la makumbusho. Ndani kulikuwa na shanga za buluu zenye mistari myeupe, sawasawa na alizovaa kiunoni, alizovishwa na bibi yake siku ya harusi yake. Kesho angemvisha binti yake, Sizya, anayeolewa.

"Waliowaleta watu pwani kuuzwa walilipwa shanga hizi," mwongozaji alieleza.

"Hazikuwahi kugawiwa bure?" Nyamizi akauliza.

"Sijasikia, mama."

Sizya, aliyesimama kando yake, alimnong'oneza, "Kwani sisi zetu tulizipataje?"

"Bibi alisema ni za ukoo tu."

"Kwa hiyo tuliuzwa, au tuliuza?"

 Nyamizi aligeuka aondoke, shanga zikalia kiunoni, na mwongozaji akainua macho.