Siri ya Maji na Siri ya Maandazi

Sheria ya sasa haina mchezo: ukianika siri ya serikali mtandaoni, mtambo wa serikali nao unaanika siri moja ya nyumbani kwako, papo hapo.

Mume wangu Shekue, karani wa idara ya maji, kaja na ripoti ya siri kwamba maji ya bomba yana sumu, kidole tayari kwenye simu airushe mtandaoni.

“Usibonyeze, baba Mwaka,” nikamsihi. “Watajua maandazi ninayosifiwa nayanunua kwa Bi Chiku.”

“Mama Mwaka, watu watakufa!”

“Na mimi nitaishi?”

Akabonyeza.

Saa nne asubuhi mtaa mzima umejaa uani kunisuta. Shekue akapiga kelele, “Ya sumu mmeyasoma?” Hakuna aliyegeuka. Walinisuta mpaka koo zikawakauka, wakapanga foleni kwenye bomba langu, wakaniomba kikombe.

Nikawapa.