Kulungu Akataa Kuhama

Enzi wanyama wakisemezana, Chui alijenga dungu la matawi juu ya mti, kando ya njia ya mtoni, akawa anawarukia wapitao. Alipomla dada yake Kulungu, swala wote walihama.

"Mimi sihami," Kulungu alisema. "Mto huu ni wetu."

Akamwendea Nyati, mwenye hasira za karibu, ambaye ndama wake alikuwa ameliwa na mnyama asiyejulikana. "Aliyemla ndama wako yuko juu ya mti ule."

Nyati akaja na kundi zima, wakalala chini ya dungu siku nne.

Chui akakonda. "Dada Kulungu, waambie wanipishe, nakufa njaa!"

"Ulipanda bila kuniuliza," Kulungu akamjibu. "Shuka vivyo hivyo."

Kisha akaingia mtoni, Chui akimtazama, akanywa taratibu mpaka kiu ikamwisha.