Hereni ya Ofisini

Tunu aliingia nyumbani akitabasamu peke yake. Siku hiyo alibuni michoro arobaini ya kanga, na kiwanda kizima hakuna aliyemkaribia. Hereni ya ofisini, isiyovuliwa hata nyumbani, ilinasa kila wazo jipya na kulifuta kichwani papo hapo, ili jingine lipate nafasi.

Alimketisha bintiye Saada katikati ya magoti, akaanza kumsuka huku akimtungia wimbo wa simba anayeogopa kitana. Saada alicheka mpaka akasahau maumivu. Hereni ikalia kidogo.

"Endelea, mama. Simba alifanyaje?"

"Simba gani, mwanangu?" Tunu aliuliza kwa furaha. "Hebu tulia, nikutungie wimbo."

Saada akainamisha kichwa. Huo ungekuwa wa nne jioni ile.